Nilivyomkimbia Baba Mkwe Mwanjelwa

Watu wa umri wangu wakikaa kusimulia jinsi Mwanjelwa ilivyokua utawasikia: duka la kwanza lilikuwa pale, mabati ya kwanza yaliezekwa kule, gari la kwanza lilinasa kwenye tope hapa. Mimi sina kumbukumbu hizo. Mimi nakumbuka vichaka. Kila nyumba iliyojengwa iliondoa kichaka kimoja, na kila kichaka kilichoondoka kilikuwa mahali pangu pa kujificha. Nilikuwa namkimbia baba mkwe wangu.

Msicheke kwanza. Kwetu Rungwe, msichana wa Kinyakyusa akiolewa haonani na baba wa mume wake. Hawasalimiani, hawapishani njiani, msichana hali chakula mbele yake, na jina lake halitamki hata akiulizwa na polisi. Si ugomvi, ni heshima. Akisikia mzee anakuja, anaacha njia, anaingia migombani, anachutama na kugeuza uso mpaka apite. Kijijini hiyo si kazi. Migomba imejaa kila upande, njia ni nyingi, na mtu mzima akitembea anasikika toka ng'ambo ya mto. Mama yangu aliishi hivyo miaka na miaka, sikumsikia akilalamika. Ila hakunifundisha mtu anafanyaje mahali ambapo hapana mgomba hata mmoja.

Nililetwa Mwanjelwa nikiwa bibi harusi, miaka ya hamsini ndiyo kwanza imeanza. Mume wangu alikuwa utingo wa lori lililobeba mpunga kutoka Usangu. Walishusha Mbeya, na mara nyingine walipelekwa mpaka Iringa wakakaa huko siku tatu, nne. Baba yake alikuwa ametangulia zamani. Alitoka machimbo ya dhahabu ya Chunya akiwa na kikohozi na baiskeli mbili, akafyeka pori, akajenga. Wenzake walimcheka: nani anajenga nje ya mji, na fisi? Nilipofika mimi nyumba zilikuwa za kuhesabika, za udongo na nyasi, zimetawanyika, na kati ya moja na nyingine kuna majani marefu kuliko mimi. Viazi vya Wasafwa vilipandwa mpaka karibu na mlango wetu. Upepo wa Juni ulikata masikio. Nilipapenda siku hiyohiyo.

Na niseme wazi, nilichopenda ni mji. Sioni haya. Nilipenda kwenda dukani kwa Mhindi kushika vitambaa ambavyo sitavinunua. Nilipenda kulisikia lori la mume wangu likishusha gia mteremkoni, nikajua leo ugali ni wa watu wawili. Nyumbani Rungwe nilikuwa na dada zangu walioolewa na wanaume wa mjini, lakini mjini hawakupajua. Mume yuko Mbeya, mke yuko kijijini na jembe kwenye shamba la baba mkubwa wa mume, wanaonana Krismasi. Nilijiapia: mimi hapana. Nimeolewa na mwanamume, sikuolewa na jembe.

Kutoka kwetu mpaka kwa baba mkwe palikuwa na majani matupu. Siku ya kwanza mama mkwe alinishika mkono akanionyesha. "Mwanangu, majani yapo. Usiwe na wasiwasi."

Majani yenyewe yalidumu mwaka mmoja tu!

Walianza mafundi wa matofali kutoka Iringa, Wahehe na Wabena. Walichimba mashimo ya udongo, wakapiga matofali, wakayachoma, na kila mtu aliyepita akatamani nyumba ya tofali. Wakaja Waislamu wafanyabiashara, wengi baba zao walitoka pwani, wakajenga nyumba ndefu zenye baraza. Wakaja Wakinga na mizigo, Wasangu na ng'ombe, Wandali, na watu ambao hata lugha yao hatukuijua, tukaelewana kwa Kiswahili cha kuokoteza. Mahali nilipochutama Januari, Machi pana choo cha mtu. Siku moja nilisikia baba mkwe anakuja, nikakimbilia kichaka changu cha siku zote, nikajikuta nimeingia jikoni kwa watu. Mama mwenye nyumba, Mbena, alikuwa anasonga ugali. Nilimwamkia, nikageuza uso ukutani.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Nampisha mkwe."

Akaniangalia, akaangalia sufuria. "Basi shika mwiko wakati unasubiri, mkono wangu umechoka."

Baba mkwe naye alijitahidi, tusimwonee. Mwanzoni alinitahadharisha kwa kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha machimbo, kizito, kijijini kingetosha. Lakini Mwanjelwa ikifika Juni nani hakohoi? Nilikuwa natupa jembe na kujificha kwa kila mwenye mafua. Kisha mama mkwe akaniletea habari kwamba baba amefikiri sana, na kuanzia sasa atapiga kengele ya baiskeli akitoka nyumbani. Wazo zuri, ila baba mkwe alikuwa fundi baiskeli. Barazani kwake baiskeli zililetwa kutwa nzima, na fundi gani anarudisha baiskeli bila kujaribu kengele? Loh! Nilichutama mpaka magoti yakawa kama ya ngamia. Majirani wakaanza kucheka. Watoto wao wakaokota kengele mbovu na kuiliza mlangoni pangu wapate kuniona nikiruka.

Kosa la kwanza lilitokea kwenye kona. Nilikuwa natoka mtoni na debe la maji kichwani, nikasikia kengele, nikakata kulia kama kawaida. Kumbe kulia kulikuwa kumeota ukuta. Jana haukuwapo, nawaapia. Nikauzunguka mbio, na upande wa pili nikagonga mtu, debe lote likamshukia. Niliona miguu yake tu, suruali inachuruzika. Nilijua ni nani kwa sababu hakusema neno. Mtu mwingine yeyote angenitukana. Alisimama pale kwenye baridi ile, nami nikatimua mbio na debe tupu.

Basi ikawa kesi. Baba yangu mzazi alitembea siku mbili kutoka Rungwe akiswaga ng'ombe wa kuondoa aibu. Alipofika hakunigombeza. Alizungusha macho, akaona nyumba zilivyobanana, akauliza, "Sasa hapa mtu anajificha wapi?" Nikamwambia ndilo swali langu. Akatikisa kichwa, akanywa uji wake, akarudi.

Kosa la pili lililetwa na bomba. Mto ulikuwa umechafuka kwa wapiga matofali na waogaji, kwa hiyo wakubwa wa mji wakatuvutia maji. Wanawake walipiga vigelegele siku tatu. Mimi nililia, maana bomba lenyewe walilisimamisha uso kwa uso na baraza ya baba mkwe. Nikawa naenda alfajiri, kabla hajaamka. Kumbe mwenye kikohozi halali sana. Alfajiri moja nimeinama naosha ndoo, nikasikia nyuma yangu, "Hamjambo hapo?" Pa kukimbilia hapakuwapo. Nikavaa ndoo. Ndiyo, kichwani, mpaka mabegani, nikasimama wima kama nguzo. Wenzangu walicheka hadi mmoja akakaa kwenye tope. Mimi humo ndani nilisikia moyo wangu tu.

Wazee wa ukoo hawakucheka. Walituma neno kutoka Rungwe, na mama mkwe akaja kulisema huku anaangalia chini, kwa kuwa alinipenda. Mara mbili zimetosha. Ikitokea ya tatu, mke arudishwe Rungwe, akae kwa baba mkubwa wa mume, na mume atakwenda kumwona akipata likizo. Mji si mahali pa mkwe.

Mume wangu alikuwa Iringa na lori. Nilikaa peke yangu jikoni, nikalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimkasirikia nani? Mila siikasirikii, ilinilea. Baba mkwe hajanikosea. Nilikasirikia nyumba. Zijengwe basi, lakini lazima zijengwe haraka namna ile?

Nikarudi kuchota mtoni. Jirani yangu wa mlango wa pili aliyaona yale maji ya rangi ya chai, akanisimamisha. Alikuwa mjane Mwislamu, mtu mzima, baba yake alitoka Tanga na mzigo wa nguo asirudi tena. Yeye amezaliwa papa hapa Mbeya, hajaiona bahari hata siku moja, lakini ukimsikia anavyoisifu utadhani ameiacha jana. Aliuza vitumbua. Nikamweleza yote, mpaka habari ya ndoo.

"Maskini ya Mungu," akasema. "Mwanangu, wewe unamkimbia kwa miguu? Mtu kama huyo anakimbiwa kwa nguo."

Akaingia chumbani, akatoka na buibui. Jeusi tii, limefifia kidogo mabegani, na ukaya wake wa kufunika uso. Akanivika hapohapo, akanigeuza mbele na nyuma, akaniambia nipite mbele ya nyumba ya yule Mbena. Nilipita. Mbena akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama." Mbena yuleyule aliyenipa mwiko!

Kuanzia siku hiyo nilikwenda bombani mchana kweupe. Nilipita mbele ya baraza ile taratibu, macho chini, na mzee aliinamia gurudumu lake asinyanyue kichwa. Je, nilikuwa navunja mila au naishika? Nilijiuliza sana. Haonani nami, haisikii sauti yangu, hajui kama nipo. Migomba ya kwetu ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba buibui nilitembea nalo.

Matata yakatokea upande mwingine. Sisi tulikuwa Wakristo, na baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Haikuisha wiki, akina mama wa kanisani wakasikia kuwa nimesilimu. Walikuja sita, wakapiga magoti sebuleni na kuanza kuniombea kwa sauti. Mume wangu akashuka kwenye lori wakati huohuo, akasikia vilio ndani ya nyumba yake, akaangusha mkoba mlangoni: "Nani amekufa?" Ikabidi nieleze. Nilivaa buibui mbele yao, nikatembea, nikaonyesha. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alifuta machozi akauliza kama anaweza kulijaribu na yeye. Wote walikuwa wakwe za watu, walinielewa. Waliapa hawatamwambia mzee. Na kwa kweli Mwanjelwa nzima ya wanawake ilijua, na hakuna mdomo uliofunguka.

Yule jirani alikuwa anaumwa macho kwa moshi, akaniomba nimsaidie kukaanga. Hakukuwa na nazi za kutosha huku kwetu, na zilizofika zilikuwa kavu na ghali, kwa hiyo alikanda unga wa mchele kwa maziwa, huku akiomba radhi kwa marehemu baba yake. Mchele ulikuwa wa Usangu, mume wangu aliuleta. Nilijifunza kugeuza kitumbua kwa kijiti bila kukivunja. Basi akanituma niuzie pale bombani, ndipo watu walipo. Nikamwambia, na nikiulizwa bei? Sauti yangu mkwe asiisikie. Akasema hilo ni jambo dogo. Kesho yake akanikalisha kwenye kigoda, akawatangazia waliokuwapo: "Huyu mwanangu amekuja toka Tanga. Ni bubu, lakini kuhesabu anajua."

Nani alikuwa mteja wa tatu asubuhi hiyo? Nilisikia kandambili zinavuka barabara, kikohozi kimezitangulia. Nikataka kukimbia, nikakumbuka mimi ni bubu wa Tanga, nikakaa. Akakaa juu ya jiwe, kiubavu, akitazama barabarani.

"Mama, viwili."

Nikafunga viwili kwenye jani. Niliona vidole vyake vikipokea, vina makovu, kucha nyeusi kwa grisi. Uso sikuutazama, ingawa ukaya ule ungeniruhusu. Akatafuna. Akatafuna tena.

"Mh! Hivi ndivyo vitumbua."

Akaongeza kimoja.

Alikuja kila siku ya kazi tangu hapo. Na kwa vile nilikuwa bubu, akazoea kuniongelesha. Watu hawajui wanavyosema ovyo mbele ya bubu. Aliniambia habari za Chunya, wanaume wanavyolia chini ya ardhi wakidhani hawasikiki. Aliniambia usiku wake wa kwanza hapa Mwanjelwa alilala juu ya mti kwa kuogopa fisi, asubuhi akashuka akakuta fisi ameondoka na kiatu kimoja. Nilibana mbavu nisicheke. Siku nyingine alinisema mimi mwenyewe.

"Nina mkwe hapa," alisema akitazama barabara. "Mchapakazi. Ila ana mbio, mama! Nimewahi kuuona mgongo wake mara moja tu ukiingia kwa Wabena. Yule angekuwa mwanamume ningempeleka kwenye michezo."

Nilirudi nyumbani nikamhadithia mume wangu, naye akasema baba yake hajawahi kumwambia maneno mengi hivyo tangu azaliwe. Alisema kwa utani, lakini niliona imemuuma kidogo. Mimi nilikuwa nimefurahi, basi tu. Nilikuwa na mkwe ambaye namjua. Wanawake wa kwetu wangapi wanaweza kusema hivyo?

Halafu wakaja watu wa ramani. Mzungu mmoja na vijana wake, wana minyororo ya kupimia na vigingi vilivyopakwa chokaa. Mwanjelwa imekuwa kubwa mno, walisema, haiwezi kuendelea kukaa kama mbuzi waliolala. Itapimwa, itakuwa na mitaa. Wengi walifurahi, maana kupimwa ni kutambuliwa. Vigingi vikaanza kupita bustanini kwa watu, kimoja kikachomekwa katikati ya zizi. Na mstari wa barabara kubwa ya mtaa ulipokuja kunyooshwa, ulipita juu ya nyumba ya baba mkwe, baraza na vyumba vyote viwili. Nyumba ya kwanza ya Mwanjelwa!

Hawakumwonea, walimpa kiwanja kingine. Mume wangu alikwenda kukiona, akarudi amepauka. Kilikuwa mbele yetu. Mlango wa baba yake utatazamana na mlango wetu, katikati barabara ambayo mtu anaivuka kwa hatua sita. Asubuhi nikifungua mlango, yeye yupo. Jioni nikianika nguo, yeye yupo. Buibui lingenisaidia bombani, lakini nani anavaa buibui kufagia uwanja wake mwenyewe maisha yake yote?

Wazee wakashuka kutoka Rungwe, watatu, wakiongozwa na baba mkubwa mwenyewe. Walifika asubuhi na njaa ya safari, na baba mkwe akawaleta wapi? Kwenye vitumbua. Wakakaa kwenye mawe kunizunguka, wakaniagiza, wakanila kwa macho kidogo, wakaambiwa huyo ni bubu wa Tanga, wakaanza kunijadili.

"Jambo liko wazi," baba mkubwa alisema mdomo umejaa. "Kiwanja ni chako. Mwanamke arudi nyumbani. Kwangu kuna shamba linamsubiri."

"Kijana je?" akauliza mwingine.

"Kijana ana kazi yake. Atakuja Krismasi."

"Na mkwe hahamishwi kwa sababu ya mke wa mtoto," akasema wa tatu. "Haijapata kutokea. Mke ndiye anayepisha."

Mafuta yalikuwa yanaungua. Nilisahau kugeuza, vitumbua vinne vikawa mkaa. Nilimsubiri baba mkwe aseme kitu. Miezi yote ile alikuwa msemaji. Siku hiyo alikohoa tu, akasema, "Nimewasikia, ndugu zangu," akaomba maji.

Nilikwenda nyumbani nikaanza kukunja nguo. Sikuwa na nyingi. Mume wangu alizikunjua, nikazikunja tena, tukagombana kwa ajili ya gauni moja kama wendawazimu. Alisema ataacha kazi twende wote. Nilimwambia asiwe mjinga, yeye ataweza ukulima gani, hata bustani ya mchicha ilimshinda. Kisha tukakaa kitandani, gauni katikati yetu. Nilikuwa na ujauzito wa miezi minne, na mtoto huyo nilimtaka azaliwe karibu na bomba.

Asubuhi ya siku iliyofuata sikutaka kwenda kuuza. Jirani alinilazimisha: unga umeumuka, utamwagwa? Nikaenda. Kulikuwa na umande, wateja wachache. Baba mkwe alivuka barabara. Safari hii hakukaa kiubavu. Alizungusha jiwe, akakaa amenipa mgongo kabisa.

"Mama, viwili."

Nikampa. Akapokea kwa kupeleka mkono nyuma, bila kugeuka. Hapo ndipo damu yangu ilipopoa. Mwanamume gani anampa mgongo muuza vitumbua?

"Wewe husemi," alianza, "ndiyo maana nakwambia wewe. Mwenye buibui alifanya kosa moja. Alifunika uso, akasahau miguu. Watu wa pwani hawana visigino vilivyopasuka namna ile. Vile ni visigino vya mlima wa Rungwe. Nilivijua siku ya pili."

Siku ya pili! Nikahesabu vitumbua vyote alivyokula.

"Nikasema moyoni, nitanyamaza. Sikumwona uso. Nilitazama barabara. Kama ni kosa, basi nilifanya mimi, maana nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye." Alikohoa kwa muda mrefu. "Jana ndugu zangu walisema mke ndiye anayepisha. Ni kweli. Umepisha vya kutosha. Tangu umefika hapa wewe ndiye unayekimbia, na mimi nimekaa barazani napiga kengele. Sasa ni zamu yangu."

Nilishika ukingo wa kigoda.

"Kile kiwanja nimekirudisha. Mimi na mama yao tunarudi Rungwe. Lori la Jumamosi. Kule migomba ipo, mtu anaweza kuwa mkwe kwa raha. Huku mtazaa watoto wa mjini. Nilipofyeka pori hili nilitaka ukoo wangu ukae hapa. Sikusema ni lazima nikae mimi."

Alikuwa amemaliza kitumbua kimoja, cha pili amekishika tu. Niliona bega lake linapanda na kushuka. Miezi yote ile nilikuwa bubu kwa heshima, na sasa heshima gani ingeniweka kimya? Nilisema kwa sauti yangu, kwa lugha yetu, "Ndaga, tata." Asante, baba.

Hakugeuka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikia jambo toka mbali. Kisha akainuka, akajipangusa suruali, akavuka barabara.

Jumamosi waliondoka. Mila haikuniruhusu kwenda kuaga, na buibui sikulivaa, lisingefaa tena. Nilisimama nyuma ya dirisha nikawasikia wanapakia: kitanda, sufuria, sanduku la vyuma vya baiskeli. Mama mkwe aliingia kunikumbatia, akaniachia mwiko wake. Mume wangu aliwasindikiza. Lori lilipopita mbele ya nyumba nilijua atakuwa amekaa upande wa pili, ametazama kule. Sikukosea. Kilichoonekana ni kofia yake.

Wiki ile ile wakavunja nyumba. Vijana wenye sururu waliimaliza kabla ya saa sita, udongo wake wakausambaza kujaza barabara. Jioni nilichukua ndoo, nikaenda bombani. Sikuvaa buibui. Nilitembea katikati ya barabara mpya, kichwa wazi, mtaa mzima unaniona, na hapakuwa na kengele, wala kikohozi, wala mtu wa kumpisha. Nilitega ndoo, nikageukia pale baraza ilipokuwa, nikalia, maji yakafurika mpaka wenzangu wakanifungia bomba.